Mjusi wa Mikia Miwili Nyumbani kwa Mama Mbithe

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu mtaa mzima wa Jericho hapa Nairobi umeshacheka, na mimi mwenyewe kuna siku nilijaribu kucheka nikashindwa katikati. Mimi ndiye yule mwanamke aliyefunuliwa leso na bwana harusi wa mtu mwingine. Ndiyo, mimi, Mama Nekesa, mke wa mtu, miaka ishirini na sita, kidato cha nne nilimaliza na nikapita, nimechuchumaa mchangani na unga wa chapati kwenye nywele, tenti zima linanipigia vigelegele. Na hiyo hata si sehemu mbaya. Sehemu mbaya nitaifikia, msinisukume.

Yote yalianza na mjusi.

Si yule wa kichwa chekundu anayepiga pushapu juu ya ukuta kama yuko jeshini, na si yule mweupe wa kushinda karibu na taa akingoja mbu. Ni yule mwingine, mlaini, anayeng'aa kama amepakwa mafuta ya nywele, wa rangi ya kahawia na mistari miwili kama maziwa kuanzia machoni hadi kwenye mkia, ambaye unamwona nusu sekunde halafu unabaki kujiuliza kama umeona ama umedhani. Wako wengi huku kwetu. Wanaishi kwenye nyufa za hizi nyumba zetu za kanjo, yaani za serikali ya jiji, chini ya matofali, ndani ya ua wa kayaba, na hakuna mtu huwaangalia kwa sababu hakuna mtu ana hiyo nafasi. Mtu mzima akisimama kuangalia mjusi huku kwetu Eastlands ataulizwa kama amefutwa kazi.

Binti yangu Nekesa ana hiyo nafasi. Ana miaka saba. Siku moja mpira uliruka ukaingia kwa jirani yetu Mama Mbithe, upande ule wa nyumba ambako amepanda sukuma wiki na kurundika mawe ya kujengea, naye akapenya kwenye ua kuufuata, akarudi mbio bila mpira.

"Mama, kuna mjusi ana mikia miwili."

Nilikuwa nafua. Nikamwambia sawa.

"Si sawa, mama. Miwili. Mmoja umeenda huku na mwingine umeenda huku." Akanionyesha kwa vidole viwili.

Nikamwambia sawa tena, aende alete mpira.

Ningesahau hapo, na leo ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini wiki iliyofuata mwalimu wao wa darasa akawaambia kila mmoja ataje mnyama aliyemwona karibu na kwao, wengine wakasema paka, wengine panya, mmoja akasema mbuzi wa baba yake, na Nekesa akasimama akasema mjusi wa mikia miwili. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia aseme "Nilidanganya" kisha akae. Nekesa akajibu kwamba hawezi kusema hivyo kwa sababu hakudanganya. Akaambiwa basi asimame mpaka aseme. Akasimama. Mapumziko yakafika, wenzake wakatoka kwenda kucheza, yeye amesimama, kengele ya kurudi ikalia, yeye amesimama pale pale, na jioni akaniletea daftari lenye wino mwekundu: Mtoto anasema uongo na ni mkaidi. Mzazi afike Jumatatu.

Baba yake ni dereva wa lori. Alilisoma daftari huku anavua viatu, akasema, "Si aseme tu alidanganya, yaishe?"

Nikamuuliza yaishe nini hasa. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, lakini hebu fikiria mtoto wa miaka saba, miguu yake hiyo midogo, anasimama saa nzima kwa ajili ya kitu alichokiona kwa macho yake, halafu mtu mzima anamwambia yaishe. Nikamwita, nikamweka mbele yangu.

"Ulimwona ama hukumwona?"

"Nilimwona."

"Basi usiseme hukumwona. Hata mwalimu akuje na mwalimu mkuu na polisi, usiseme. Umenisikia? Mtu asikulazimishe kusema uongo ndiyo akuite mtoto mzuri."

(Maneno matamu sana hayo. Nikiyakumbuka natamani kujizaba kofi.)

Nikaingia kwenye simu nikasoma. Nikajua kwamba mjusi wa aina ile akikamatwa mkia huukata akauacha na kukimbia, halafu unaota mwingine, na mara nyingine mkia unavunjika lakini haudondoki, basi mwingine unaota hapo hapo kwenye ufa na mwenyewe anabaki na miwili. Kumbe kitu kipo! Mtoto wangu hakuwa mwongo, alikuwa na macho tu. Nikaamua nitamtafuta huyo mjusi, nitampiga picha, na Jumatatu nitaiweka ile simu mbele ya mwalimu bila kusema neno.

Asubuhi mbili nilisimama kwenye ua nikichungulia kwa Mama Mbithe kama mwizi wa nguo, na nikajifunza mambo. Mjusi si mtu wa asubuhi sana, anangoja jiwe lipate joto, saa tatu na nusu, saa nne hivi. Kwanza anatoa kichwa tu, anakiacha hapo muda mrefu kama mama mwenye nyumba anayechungulia nani amebisha. Halafu anatoka mzima, anajibandika bapa juu ya jiwe, anaota jua. Kivuli chako kikimgusa ameenda. Ukikanyaga kwa nguvu ameenda. Ukivaa nguo ya kuwaka ndiyo usijisumbue kabisa. Lakini kitu alichokikuta tayari pale, kimetulia, hakisogei, hicho hakiogopi. Kutoka kwenye ua niliona vichwa vitatu na mgongo mmoja. Mkia, hata wa kawaida, sikuona. Ilibidi niingie ndani, nikae karibu na yale mawe.

Shida ni kwamba Mama Mbithe anauza mboga sokoni, anafunga geti lake asubuhi na anarudi jioni jua likiwa limekwisha, hata Jumapili. Na Jumatatu fundi alikuwa anakuja kuyatumia mawe yale kuongeza chumba. Ilibaki siku moja tu, Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo siku wageni walikuwa wanakuja kwa binti yake Mbithe.

Mbithe alikuwa amempata kijana anaitwa Barasa, mfanyakazi wa kiwandani, mpole, na watu wake walikuwa wanatoka magharibi kuja kujitambulisha rasmi. Mama Mbithe alikuwa hajalala wiki nzima. Mimi ni Mkamba kama yeye na nimeolewa huko huko wanakotoka hao wageni, kwa hiyo alikuwa ameniambia, "Mama Nekesa, wewe ndiye utakuwa mfano wetu. Wakikuona watajua wasichana wetu wanaolewa na wanakaa." Mfano! Nilipewa kazi ya chapati, na mume wangu akapewa kiti mbele na wazee.

Sasa sikilizeni uamuzi mdogo ulioniua.

Saa nne hivi nilikuwa nimemaliza kukanda, unga umefunikwa unapumzika, na wageni walikuwa wamesema saa tano (na sisi sote tunajua mgeni akisema saa tano ni saa saba). Jua limepiga ule upande wa mawe. Nikajiambia dakika kumi. Tatizo, nilikuwa nimevaa blauzi ya njano, njano ile ya kuonekana hata na rubani. Kwenye kiti kando ya mlango wa jikoni palikuwa na leso zimekunjwa vizuri, mpya, za kahawia na majani ya kijani, rangi ya bustani kabisa. Nikachukua moja. Nikajifunika kutoka kichwani hadi chini, nikaacha upenyo wa jicho na wa simu, nikachuchumaa mwisho wa ukuta, mita moja na rundo la mawe, nikatulia.

Zile leso zilikuwa za sherehe. Nyinyi mnajua ule mchezo, wasichana wanafunikwa gubigubi, nguo zinafanana, bwana harusi anaambiwa achague aliye wake, akikosea anapigwa faini ya mbuzi na watu wanacheka. Mimi nilikuwa nimeuona mara nyingi. Lakini siku zote nimeuona ukifanyiwa mbele ya tenti, si kwenye sukuma wiki, na tenti siku hiyo lilikuwa limemeza uwanja wote wa mbele, sasa akina shangazi wakaamua wasichana wakae ule upande wa nyumba. Mimi sikuambiwa, kazi yangu ilikuwa chapati.

Wageni wakafika saa nne na nusu. Watu gani hao! Nikasikia wanaimba getini, nikasema sawa, getini wataimba nusu saa, wataingia, watasali, watakunywa chai, nina muda. Nikasikia mkeka unatandikwa nyuma yangu. Nikasikia wasichana wanakaa, wanachekacheka, na sauti ya shangazi mmoja, "Hawa si walikuwa wanne? Mbona watano?" na mwingine akamjibu, "Achana nao, pengine rafiki yake amejiongeza, wageni wameingia."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama aseme samahani akarudi kwa chapati.

Lakini kichwa kilikuwa kimetoka.

Kati ya mawe mawili, kichwa kidogo kinachong'aa, koo linapigapiga. Kikakaa. Halafu mguu, halafu mgongo na ile mistari yake, anateleza polepole juu ya jiwe kama mafuta yaliyomwagika, na mimi sipumui, na nyuma yangu ngoma inakaribia na emsii, yule mshereheshaji, anapiga kelele, na mjusi anatoka tu, anatoka, na mwisho ukatoka mkia, na ulipofika katikati ukagawanyika. Miwili. Mmoja mrefu umeenda huku, mmoja mfupi mnene umeenda huku. Vile vile alivyonionyesha kwa vidole.

Sijui nitawaelezaje. Machozi yalinilenga. Nilikuwa nataka kumwita Nekesa nimbebe juu. Nikainua simu polepole, nikaona mjusi ameingia kwenye kioo, mikia yote miwili imeingia, kidole changu kiko pale pale kwenye alama ya kupiga, na mkono ukanishika begani.

"Huyu ndiye wangu!"

Leso ikaenda juu. Vigelegele vikapasuka, halafu vikakatika vyote kwa pamoja kama mtu amezima redio.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba Mbithe na Barasa walikuwa wamepanga mapema. Mbithe alikuwa amemwambia, mimi nitakaa wa mwisho kando ya mawe, wenzangu watacheka na mimi nitatulia, wewe njoo moja kwa moja. Sasa Mbithe akaletwa akiwa amefunikwa, haoni kitu, shangazi akakuta wa mwisho tayari yupo, akamkalisha wa pili. Na Barasa naye, kijana mwaminifu, akaenda moja kwa moja kwa yule aliyetulia kuliko wote. Hakuna mwanamke Nairobi nzima aliyekuwa ametulia kama mimi dakika ile.

Wala sikufikiria watu, nilifikiria mjusi tu, na kiatu cha Barasa kilikuwa kinashuka kuelekea lile jiwe. Nikapiga kelele, "Toa mguu, mjinga wewe!" nikaushika ule mguu kwa mikono yote miwili na kuuvuta. Kijana wa watu akayumba, akatafuta pa kushika, hapakuwa na pa kushika, akaenda mgongo mgongo na ile suti yake ya rangi ya krimu akaingia kwenye ua wa kayaba. Kama huijui kayaba, ni mwiba wenye majani kidogo. Walimtoa wanaume watatu. Suti ilitoka baadaye.

Picha ninayo mpaka leo. Ni ya kiatu.

Nikasimama. Unga kichwani, blauzi ya njano, simu mkononi. Mbithe alikuwa amejifunua mwenyewe, ananiangalia kama mtu aliyeibiwa mchana. Mume wangu kule mbele alikuwa ameinama anakagua chai yake. Na shangazi wa Barasa, ambaye wote walikuwa wanamwita Senge, ndivyo shangazi anavyoitwa kwao, mwanamke mkubwa wa sauti kubwa, akapita katikati ya watu mpaka mbele yangu.

"Huyu ni nani?"

Emsii akasema, "Huyu ni... huyu ni jirani, Senge. Ni mama wa chapati."

"Ana mume?"

"Anaye," mume wangu akasema kutoka kwenye chai.

"Basi mmetuonyesha mke wa mtu!" Akageukia watu wake. "Tumetoka nyumbani saa nane za usiku, tumekuja kuona msichana, mtoto wetu ameshikishwa mke wa mtu na ametupwa kwenye miiba kabla hata ya maji ya kunawa. Hii nyumba inatuambia nini? Chukueni vitu vyetu."

Na walikuwa wanachukua kweli. Niliona mtu anafungua mbuzi. Mbithe akaanza kulia, si kilio cha msichana wa kujidekeza, ni kile cha mtu anayeona maisha yake yanabebwa kupelekwa kwenye gari. Mzee mmoja wa upande wa Barasa, mpole kama yeye, akasema ngojeni, tumsikilize kwanza huyu mama. Nikaletwa mbele ya tenti. Nikasimamishwa pale, watu wamekaa, mimi nimesimama.

"Mama, tueleze polepole. Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilikuwa naangalia mjusi."

Kicheko. Hata mimi ningecheka.

"Mjusi gani huyo wa kuangaliwa siku ya wageni?"

Ningesema wa kawaida! Ningesema nilikuwa najisaidia! Lakini mimi nilikuwa bado na ile furaha kwenye kifua, nilikuwa nimemwona, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ana mikia miwili. Binti yangu alimwona akaitwa mwongo shuleni, na mimi nimemwona sasa hivi."

Kicheko kikakatika.

"Mmesikia?" Senge akasema polepole. "Miwili. Kwenye ukuta wa nyumba tunayotaka kutoa msichana. Nimezeeka, sijawahi kuona kitu kama hicho kimezaliwa. Hicho kimewekwa."

"Kimewekwa na nani?" Mama Mbithe akasimama.

"Mimi nijue ya kwenu?"

Jamani, lile tenti lilikuwa baridi. Nikaanza kueleza, si kitu cha kuwekwa, ni mkia ulivunjika ukaota mwingine, nimesoma, iko kwenye simu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mtu aliyechunguza mambo asiyostahili kuyachunguza. Mwanamke mmoja akavuta mtoto wake mbali na mimi. Nikamwangalia Mama Mbithe. Miaka hiyo yote anaamka saa kumi kwenda kuchukua mboga, kulea binti peke yake, na sasa limedokezwa neno moja, uchawi, ambalo likienda magharibi na hawa watu halitarudi, na Mbithe hatapata mtu mwingine bila hilo neno kufika kwanza.

Yule mzee mpole akasema, "Ni mtoto ndiye alimwona kwanza? Basi mleteni. Mtoto hana siasa."

Nekesa akaletwa. Alikuwa na gauni lake la Krismasi na soda ya machungwa, mdomo wote umegeuka rangi. Nyuma yake kwenye ua kulikuwa na watoto wa mtaa wamejazana, na watatu kati yao ni wa darasa lake.

"Mtoto mzuri," mzee akamwambia, "huyo mjusi wa mikia miwili, ulimwona kweli?"

Akaniangalia mimi.

Mama Mbithe akaniangalia. Mbithe akaniangalia, wanja umemwagika hadi kidevuni. Na mimi, mwanamke niliyekuwa na hasira ya wiki nzima, niliyetaka kumwekea mwalimu simu mezani, niliyemwona yule mjusi kwa macho yangu mawili dakika kumi kabla, nikatikisa kichwa kukataa. Kidogo tu. Nilidhani hakuna mwingine aliyeona.

Nekesa aliona.

"Hakuna mjusi," Nekesa akasema. "Nilidanganya."

Hii ndiyo sehemu mbaya niliyowaambia.

Lile tenti lilipumua lote kwa pamoja. Senge ndiye aliyecheka kwa nguvu kuliko wote, akapiga mapaja, "Watoto wa Nairobi! Na mama yake akaamini, akajifunika leso!" Watu wakacheka mpaka kiti kimoja kikavunjika, Barasa akapigwa faini ya mbuzi kwa kuchagua vibaya, akaonyeshwa Mbithe halisi akamshika mkono huku miiba bado inamtoka, vigelegele vikaanza upya, na mimi nikarudishwa jikoni kuchoma chapati ambazo wageni walizisifu. Mama Mbithe akanifuata huko, akanishika mikono yenye unga, akasema, "Asante, mama. Umeniokolea mtoto."

Mimi nilikuwa nawasikia wale watoto kwenye ua, jina la utani walishampa Nekesa. "Mikia amekubali! Mikia amesema alidanganya!"

Tulipotoka pale jioni, ni hatua hamsini tu mpaka kwetu, Nekesa alikuwa ananishika kidole. Tukafika mlangoni akauliza, "Mama, wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mikia miwili?"

"Miwili, mama. Vile ulisema."

Akafikiria. "Basi kwa nini haukusema?"

Nikamwambia ni mambo ya watu wazima. Mimi! Nikamwambia hivyo mtoto aliyesimama saa nzima darasani kwa sababu nilikuwa nimemzaa akiwa na uti wa mgongo imara kuliko wangu.

Jumatatu nilienda shuleni. Nikamwambia mwalimu kila kitu, hata ya leso, hata ya kayaba, nikamwambia mtoto alisema kweli na mimi ndiye nilimfanya akane. Mwalimu alinisikiliza kwa huruma, huruma ile ya kumsikiliza mgonjwa, akasema, "Mama, naelewa unampenda. Lakini amekubali mwenyewe mbele ya watu. Na leo asubuhi amekubali tena hapa darasani, bila kulazimishwa. Tumempigia makofi."

Makofi!

Nilipita kwa Mama Mbithe nikirudi. Fundi alikuwa ameshayahamisha mawe yote, pamebaki mchanga na mduara mweupe ambapo nyasi hazikuota. Nilisimama pale mpaka saa nane, kivuli changu nimekiweka nyuma, sikusogea. Hapakuwa na kitu.

Nimeapa mambo mengi tangu siku hiyo. Nimeapa sitamsimamisha tena mtoto wangu mbele ya watu apime ukweli kwa sura zao. Nimeapa siku nyingine harusi na ivunjike, mbuzi na warudi kwao, Senge na aseme lolote, mimi nitasema nilichokiona. Naapa kwa sauti nikiwa nafua, majirani wananisikia, wanacheka, wanafikiri nawaza suti ya Barasa.

Lakini siku hizi nikimuuliza Nekesa kitu, hata kitu kidogo, kama amekula, kama ameoga, nani ameacha mlango wazi, hajibu mara moja. Kwanza ananiangalia usoni.